Tulibeba Mkasi Kwenda Kutafuta Sufu

Ifikapo mwezi wa Juni sisi tunaokaa Lushoto hatuhitaji kutazama kalenda. Ukungu hushuka kutoka Magamba, nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka, na watoto huanza kukohoa usiku. Huo ndio wakati ambapo kikundi chetu cha akina mama wafumaji hupata kazi nyingi. Tunazo mashine mbili za kufumia, na wasiopata zamu ya mashine hutumia sindano za mkono. Tunafuma masweta ya shule, kofia za watoto wachanga na soksi za wazee.

Shida yetu ni uzi. Kila tukienda dukani tunakuta bei imepanda, na faida yote ya sweta inabaki kwa mwenye duka. Katika kikao kimoja, tulipokuwa tukilalamika juu ya jambo hilo, mwenzetu mmoja aliyekuwa ametoka Same kwa basi alitueleza kwamba karibu na Mkomazi aliwaona kondoo weupe wenye vichwa vyeusi, na migongoni walikuwa na sufu.

"Nimewaona kwa macho yangu," akasema. "Sufu inaning'inia vipande vipande, wala hakuna anayeiokota!"

Kabla kikao hakijafungwa, tulikwisha piga hesabu ya kondoo, ya kilo na ya masweta. Mwenzetu mwingine, ambaye ni Mmbugu na wazee wake walikuwa wafugaji, alisema polepole kwamba bibi yake hakuwahi kumwambia habari za kondoo wa sufu. Hatukumsikiliza. Tulichanga fedha za gari, tukanunua mkasi mkubwa mpya na magunia manne, tukachagua watu watano wa kwenda. Naye Mmbugu tukamchagua, kwa sababu anajua kukaa na wafugaji.

Tuliondoka alfajiri. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33, kona baada ya kona, na katika mwendo huo unashuka karibu mita 1,000. Tulipopita Soni tulikuwa bado tumejitanda khanga juu ya masweta. Tulipofika Mombo tulivua vyote, tukaanza kujipepea. Kutoka hapo tulishika barabara kuu iendayo Moshi, mlima wetu ukiwa upande wa kulia. Tulipita Mazinde, na mjini Mkomazi tukaiacha lami tukaingia barabara ya vumbi, kati ya milima ya Pare na Usambara, tukazunguka hadi nyuma ya mlima.

Wengi wetu wa juu husahau kwamba Mnazi, Lunguza na Mng'aro ni kata za wilaya yetu hiyo hiyo ya Lushoto. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda mlima upande wa mashariki na kusini na kumwaga mvua huko, hata zikivuka upande huu hazina kitu tena. Huku kwetu tunalima kabichi, viazi na matunda. Huku chini ni mibuyu, mikonge na vichaka vya miiba, na barabara ikipita mtu mmoja kwa baiskeli unaona vumbi lake kabla hujamwona mwenyewe. Dereva alituonyesha Mtae, juu kabisa kwenye ukingo wa mlima. Mara ngapi tumesimama pale Mtae tukaitazama nyika hii, tukasema ni nzuri kama zulia! Siku hiyo tulikuwa juu ya zulia lenyewe, na gari letu lilipata pancha mbili.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja wa Kimaasai anayeuza maziwa sokoni. Jamaa ya mwenzetu alikuwa amempigia simu siku mbili kabla, akamwambia kwamba wageni kutoka mlimani wanakuja kutazama kondoo. Tulipofika watoto walitujia mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, nasi tukawagusa utosini kama ilivyo desturi yao. Mwenzetu Mmbugu aliwasalimu akina mama kwa kusema "Takwenya", nao wakamwitikia "Iko" kwa furaha. Tulikaribishwa ndani, tukapewa chai ya maziwa matupu, na hatukuulizwa shida yetu mpaka vikombe vilipokuwa tupu.

Basi mwenyekiti wetu akaeleza. Alizungumza vizuri sana, juu ya umoja wa akina mama, juu ya mali inayopotea bure, na juu ya bei tutakayolipa kwa kila kilo. Mwishoni akautoa mkasi kwenye kikapu.

Mama mwenyeji alitutazama, akautazama mkasi, kisha akamwita mama mkwe wake aliyekuwa nje akamweleza kwa Kimaasai. Bibi yule alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya shuka yake. Alitoka, akarudi amembeba mwanakondoo mwekundu, akamweka mapajani mwa mwenyekiti wetu.

"Haya, mnyoe," akasema.

Tulimpapasa. Alikuwa na nywele fupi laini, kama za mbuzi, kama za ndama. Sufu hakuna. Tukauliza, je, wale weupe wenye vichwa vyeusi? Tukapelekwa zizini, akakamatwa mmoja. Ni kweli mgongoni alikuwa na manyoya yaliyosokotana, lakini ukiyavuta yanakatika, nusu ni nywele na nusu ni sufu fupi, na yanadondoka yenyewe. Mwenzetu mmoja alijaribu kuyasokota kwa vidole. Hayakushikana hata kuwa uzi wa kufungia mfuko wa chumvi.

Tuliporudi Lushoto tulikwenda kwa bibi mifugo tukamsimulia, naye akatufundisha mambo ambayo tungeyauliza mapema tusingenunua mkasi. Alituambia kwamba kondoo wa mwanzo kabisa walikuwa na nywele. Sufu ilipatikana kwa watu wa Asia ya Magharibi kuwachagua wanyama wenye manyoya mengi, kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu ya miaka. Kondoo wa nyika zetu hawakupitia njia hiyo. Huyu mwekundu wa Kimaasai alichaguliwa kwa mambo mengine: kutembea mbali, kustahimili kiu na kuweka akiba ya mafuta mkiani. Mkia huo si jambo geni, hata kitabu cha Walawi kinautaja katika habari za sadaka.

Tena anayo sifa moja kubwa isiyoonekana kwa macho. Anastahimili vizuri minyoo ya tumbo inayonyonya damu, ambayo huua kondoo wengi wa kigeni. Katika miaka ya 1990 watafiti wa mifugo walimlinganisha na kondoo aina ya Dorper katika pwani ya Kenya, penye unyevu na minyoo mingi, na yule mwekundu akafanya vizuri zaidi. Dorper ndiye yule mweupe mwenye kichwa cheusi aliyetudanganya barabarani. Alipatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa kumchanganya kondoo wa Kiingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni upande wa Somalia. Hukua haraka na ana nyama nyingi, kwa hiyo wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wamempandisha kwa kondoo wao wekundu. Walowezi wa Kenya nao walijaribu kondoo wa sufu. Lord Delamere aliwaleta Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wakafa kwa magonjwa. Sufu ilikubali baadaye penye baridi na malisho ya kufaa. Mjini Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, akina mama wa Kanisa la Presbiteri walianza mwaka 1977 kazi ya kusokota na kufuma sufu. Penye joto na miiba kama kule Mnazi, koti la sufu lingekuwa adhabu kwa mnyama.

Lakini hatukuandika ukurasa huu ili tuwasimulie juu ya mkasi peke yake.

Tulipokuwa zizini tulimwuliza mama mwenyeji ni kondoo wangapi walio wake. Alituambia kwamba mke anapoingia bomani hugawiwa wanyama wa kuwatunza. Maziwa ni yake. Yeye ndiye anayekamua, anayegawia watoto na anayeuza ziada. Kumuuza mnyama mwenyewe ni shauri la mume. Kabla ya ukame wa mwaka 2021 na 2022, ule ulioua maelfu ya mifugo huku kaskazini mwa nchi, alikuwa na kondoo 23. Walibaki 9. Siku tuliyofika walikuwa wamefika 14, na 10 kati yao ni majike wekundu.

Mama mkwe wake alituambia kwamba zamani walichunga ndani ya pori la Mkomazi. Pori hilo lilifanywa la akiba mwaka 1951, na kwa miaka mingi baadhi ya wafugaji waliendelea kuwamo. Kufikia mwaka 1988 walikuwa wametakiwa watoke wote. Baadhi yao walikwenda mahakamani katika miaka ya 1990, na mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa, ambako watalii huenda kuwaona faru weusi waliorudishwa humo kuanzia mwaka 1997. Bibi hakutuambia haya kwa kulalamika. Alikuwa anatueleza sababu ya maziwa kupungua. Malisho yalipokuwa madogo ng'ombe walipungua, na maziwa ya kuuza yakapungua, na akina mama wengi wakaanza kubeba dawa za miti shamba kwenda kuuza mijini. Sisi wa mlimani tumewaona miaka yote wakipita na mifuko yao ya magome na mizizi. Hatukuwahi kuwauliza kwa nini wameacha nyumba zao.

Sasa lilikuwapo jambo jipya katika boma lile. Binti wa mama mwenyeji alikuwa amemaliza darasa la saba na amefaulu. Shule aliyopangiwa iko juu mlimani, na itambidi akae hosteli. Ada ya sekondari iliondolewa mwaka 2016, lakini bado kuna godoro, sare, viatu, ndoo, madaftari na nauli. Shemeji yake mama alikuwa ametoa shauri kwamba majike wote wekundu wauzwe mnadani kabla ya kiangazi, zikatwe fedha za binti, na zinazobaki zinunue madume mawili makubwa ya Dorper, ambayo yana bei nzuri. Mume alikuwa hajasema ndiyo wala hapana.

"Dada zangu," mama akatuambia, "nikiuza majike yote nitamsomesha kidato cha kwanza. Cha pili nitamsomesha kwa kitu gani?"

Hatukuwa na jibu. Sisi tuliokuja na hotuba ya umoja wa akina mama tulikaa kimya, kila mmoja akifikiri mambo ya nyumbani kwake. Mmoja wetu aliuza shamba la miti ya matunda ili kulipa karo, akalipa mwaka mmoja, kisha mtoto akarudi nyumbani. Wengine tuliuza ng'ombe wa maziwa. Fedha ya jike huonekana nyingi siku ya mnada. Maziwa na watoto wake huja kidogo kidogo, kwa hiyo huwa hayaingizwi kwenye hesabu.

Ndipo mwenzetu Mmbugu akaomba kijiti. Akachora chini, mbele ya mama na mama mkwe wake, majike kumi. Akauliza mara ngapi huzaa kwa mwaka, wanakondoo wangapi hufa, wangapi huwa madume. Mama mkwe alijibu yote bila kusita. Wakafuta, wakachora tena. Ilionekana kwamba akiuza madume yote manne, na majike wawili waliozeeka, atapata fedha za kumpeleka binti shule, si kwa raha sana lakini zitatosha. Watabaki majike wanane, na Mungu akijalia mvua, mwaka wa pili kutakuwa na madume wengine wa kuuza. Mama mkwe alikitazama kile kilichochorwa kwa muda mrefu, kisha akasema mwanawe anamsikiliza mama yake jambo la mifugo. Atazungumza naye jioni.

Tulipokuwa tunaaga, mama mwenyeji akatuuliza swali lake. "Ninyi mnafuma masweta ya shule?" Tukasema ndiyo. "Kule atakakokwenda kuna baridi, na huyu hajawahi kuvaa sweta. Mnifumie moja."

Tulimpima binti palepale kwa kamba ya gunia. Mwenyekiti wetu akasema sweta hilo litakuwa zawadi. Mama akakataa kwa upole, akasema yeye ana samli na anataka kununua. Tukakubaliana sweta moja kwa chupa mbili za samli. Na sisi ambao tulikwenda kutafuta mali tukarudi na magunia manne matupu, mkasi ambao haujakata kitu, na mteja mmoja.

Wakati wa kurudi tulivuka mkondo uliokuwa mchanga mtupu. Dereva akasema maji yake hutoka juu kwetu. Mto Umba nao, ambao huishia baharini upande wa Vanga, Kenya, huanzia katika milima hii yetu. Tukakumbuka vijito tunavyovilima hadi ukingoni ili tupate matuta mawili zaidi ya kabichi. Hatukusemezana sana juu ya hilo, lakini tangu hapo mmoja wetu ameacha hatua kadhaa za majani kando ya kijito chake, na jirani yake ameanza kumwuliza sababu.

Kuhusu uzi, tumepata njia nyingine. Sokoni Lushoto hushushwa masweta ya mitumba, na baadhi yake ni ya sufu halisi iliyonyolewa mbali sana. Yaliyochanika huuzwa kwa bei ndogo. Tunayafumua, tunafunga uzi kwa mafungu, tunaufua na kuufuma upya. Ukitaka kujua kama ni sufu, kata kipande kidogo cha uzi, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati mbali na watoto, ukichome. Sufu huungua taratibu, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole yakipoa. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha donge gumu. Sufu ifue kwa maji ya uvuguvugu, usiichemshe wala kuikamua kwa nguvu, na uianike kivulini ikiwa imelazwa, maana ukiitundika itarefuka.

Mama mwenzetu, kuuliza si ujinga, lakini sisi tuliona aibu kuuliza, tukaona fahari kupanga. Mwenzetu aliyekuwa anajua alikuwa amekaa katikati yetu katika kikao. Sasa tumeweka desturi kwamba kabla ya kupiga kura juu ya jambo lolote la fedha, kila mmoja husema analolijua, kuanzia kwa yule anayezungumza polepole. Nawe, kabla mnyama jike hajatoka nyumbani kwako kwenda mnadani, kaa chini na wa nyumbani mwako, mchore na mhesabu pamoja.

Na binti je? Mwezi wa Januari alipita kwetu akiwa na baba yake, amebeba ndoo na godoro. Baba alituletea chupa mbili za samli, akatuambia majike wanane wako zizini na wawili wana mimba. Sweta lilimfika binti magotini, kwa kuwa tulipima kwa kamba ya gunia. Tukampa vivyo hivyo. Atakua nalo.